Transfoma zinaungua: tununue mpya au tukague zilizopo?

Nyayawaya: Wakuu, shirika la umeme la nchi maskini likipata kafungu kadogo, linunue transfoma mpya au likague zilizopo? Mimi nasema likague. Silika jeli, zile chembe za kukausha hewa ambayo transfoma inapumua, ikishatoka bluu ikawa pinki haivuti tena unyevu, mafuta yanaingia maji, insulesheni inayotenga nyaya za ndani kwisha. Kuibadilisha ni kazi ndogo tu. Tatizo ni mafundi wenyewe: fyuzi ikikatika wanafunga waya mnene wa shaba, wanashuka, wanaondoka.

Kipandanguzo: "Mafundi wenyewe"? Ushawahi kuwa juu ya nguzo usiku, mvua inapiga, mtaa mzima unakutukana huko chini, na stoo haina fyuzi hata moja? Nifunge nini, kamba ya kiatu?

Mama Wawili: Hahaha! Kamba ingeungua mapema, na fyuzi kazi yake ndiyo hiyo. Waya wako haukatiki, kwa hiyo inaungua transfoma.

Kipandanguzo: Cheka tu dada. Anayeunguza ni mwizi wa umeme, mzigo wake haumo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Sina Kesi: Joto likizidi kiwango, kila nyuzi 6 za nyongeza (wengine husema 8) umri wa insulesheni unakatika nusu. Ila msisingizie wezi kwa kila kitu. Kati ya fezi tatu, yaani nyaya za moto, moja imebeba mtaa, mbili zimekaa. Siku nyutro, waya wa kurudishia umeme, ikikatika, aliyezoea volti 230 anaweza kuletewa karibu 400. Kwaheri friji.

Bwana Ohm: Transfoma nyingi za siku hizi zimefungwa kabisa, hazipumui. Hiyo silika jeli haimo.

Nyayawaya: Turudi kwenye mada jamani. Kamera ya joto inaonyesha kiungo kilicholegea kabla hakijayeyuka.

Kipandanguzo: Kamera mtanunua, fyuzi hamna! Na atakayeishika ni huyo huyo fundi uliyemtukana.

Nyayawaya: Nani kakutukana?

Mama Wawili: Umemtukana bwana, tumesoma wote. Halafu hakuna aliyegusa radi. Kizuia radi bila ethi nzuri ya kuipeleka ardhini ni pambo, na waya wa ethi ni shaba, unajua unakoishia.

Sina Kesi: Kwenye mifuko ya mafundi 😂

Kipandanguzo: Wewe rudia hiyo kauli.

Sina Kesi: Nirudie mara ngapi? Hiyo shaba ya kufunga badala ya fyuzi huwa inatoka wapi?