Kikundi cha Ukoo wa Ujiji: Undertaker na Mankind Jumamosi

ALHAMISI

Dada Mwasiti 06:48
Asalaam aleikum ukoo. Mmeamkaje? Nakumbusha kwa mara ya mwisho. Jumamosi baada ya Isha, uani kwa Bibi, tunaangalia lile pambano la mieleka la Undertaker na Mankind kwa projekta. Mwenye projekta wa Mwanga anataka advansi leo kabla ya saa kumi jioni. Asipoipata anawapa watu wa kicheni pati. Mchango tumeni namba yangu ileile.

Dada Mwasiti 06:49
Mkisoma mjibu. Msisome tu.

Dada Mwasiti 09:15
Naona tiki za bluu. Pesa sizioni.

Dulla 09:31
Dada mimi nachangia sauti. Nitakuwa mtangazaji 😂

Dada Mwasiti 09:32
Dulla, pesa.

Dulla 09:34
Migebuka itakuwepo? Bila migebuka mimi kizimbani siingii

Rajabu Kibirizi 11:07
Nimeona sasa hivi, nilikuwa nimelala, tumetoka ziwani alfajiri. Jumamosi bado ni giza, hakuna mbalamwezi, mitumbwi inaingia ziwani, sitakuwepo. Ila samaki naleta asubuhi. Nitamwachia nani?

Dulla 11:08
Mimi

Wifi Neema 11:08
Asimwachie Dulla

Mama Shamim 11:40
Mimi nina swali. Hiyo ndiyo ile ya mtu kutupwa kutoka juu? Maana watoto watakuwepo. Habari ya watoto kuigiza juu ya bati la Bibi mimi siitaki mara ya pili.

Dulla 11:52
Bati la Bibi siku hizi ni msauzi, halitoboki 😂😂

Dada Mwasiti 12:20
Mama Shamim, ndiyo yenyewe, na ndiyo maana nataka tuiangalie wote, wakubwa na watoto, mtu akiwaeleza. Sisi tulipewa mkanda na deki, hakuna aliyetueleza kitu. Tulijua tu kwamba Undertaker kamrusha Mankind, Mankind kainuka, basi. Ngoja niandike yote mara moja, msiniingilie.

Ilikuwa tarehe 28 Juni 1998, mji wa Pittsburgh, Marekani. Kile kizimba cha nyavu za chuma kina futi 16 kwenda juu, kama mita 5. Ugomvi wao wenyewe ulianza 1996. Paul Bearer, yule meneja wa Undertaker mwenye chungu cha majivu, alimgeuka mtu wake akahamia kwa Mankind mbele ya watu wote. Mwaka huo walipigana mpaka chumba cha maboila, mpaka wakachimbiana kaburi. Kwa hiyo siku hiyo ya 1998 watu walijua hawa wana deni.

Sasa sikilizeni. Mankind hakusubiri kizimbani. Alipanda juu ya paa. Undertaker akamfuata, na alikuwa na ufa kwenye mfupa wa kifundo cha mguu, alipanda hivyohivyo. Mkiangalia vizuri mtaona wavu unavyobonyea chini ya miguu yao, na vishikizo vinafyatuka kimoja kimoja wanapotembea. Hapo ndipo alipomtupa chini, juu ya meza ya watangazaji wa Kihispania. Hilo walikubaliana wao wawili kabla.

Wakamleta na machela. Wakaanza kumtoa. Akashuka kwenye machela akapanda tena juu! Undertaker akamkaba koo akambamiza juu ya wavu, na wavu ukaachia, mtu akapita mpaka kwenye ulingo, kiti kikamfuata usoni. HILI la pili hawakulipanga. Jino lilimng'oka likaonekana puani. Undertaker kasema mwenyewe baadaye kwamba alidhani mwenzake amekufa.

Baba Mdogo Issa 12:58
Maigizo matupu. Mshindi wanapanga ofisini.

Dada Mwasiti 13:01
Shikamoo Baba Mdogo. Mshindi ndiyo wanapanga, sikatai. Undertaker alishinda kama walivyopanga. Lakini futi 16 ni futi 16, na meza haijui kama umepanga.

Baba Mdogo Issa 13:10
Marahaba. Mbona hakufa?

Dulla 13:11
Alikula ugali wa muhogo na mawese

Wifi Neema 13:12
😂😂😂

Dulla 13:14
Na dagaa wa Kibirizi. Rajabu alimpelekea

Dada Mwasiti 13:20
Jamani saa kumi inakuja. ADVANSI.

Dada Mwasiti 13:26
Na Baba Mdogo, yule Mankind jina lake Mick Foley. Sikio la kulia lilichanika Ujerumani mwaka 1994, shingo ilinaswa kwenye kamba za ulingo akipigana na mwanamieleka mwenzake Vader. Hakuna ofisi inayopanga sikio. Bosi wao, McMahon, baada ya ile ya kizimbani alimshukuru, halafu akamwambia hataki kuona tena kitu kama kile. Foley kalisimulia mwenyewe hilo.

Baba Mdogo Issa 13:41
Sawa. Ila Jumamosi kuna mpira. Wekeni Jumapili.

Dulla 13:42
Naunga mkono Jumapili

Dada Mwasiti 13:43
Dulla hujatoa hata mia, unaunga mkono nini?

Dada Mwasiti 15:30
Imebaki nusu saa. Nimeweka ya kwangu. Na Rajabu katuma, Mungu amzidishie. Wengine?

Wifi Neema 15:52
Nimekutumia. Mwambie huyo kaka wa projekta asiwape kicheni pati.

Dada Mwasiti 15:58
Ahsante wifi. Nimempigia. Nusu kapokea, nusu Jumamosi mchana. Ila kasema akipata wa kutoa yote anatupigia kwanza.

Hamza 21:16
Salaam. Nilikuwa nasoma tu.

Hamza 21:17
Mama Shamim kaulizia bati, mmemjibu kwa kicheko. Mimi niko Kasulu, si kwamba sisomi.

Hamza 21:19
Wale wawili walikubaliana. Mwasiti umeandika mwenyewe. Mimi nilikubaliana na nani? Niliambiwa panda tuangalie boti inayokuja. Nimefika juu, nageuka, naambiwa mimi ndiye Mankind.

Hamza 21:22
Mtihani wa darasa la saba niliandika kwa mkono wa kushoto. Mnakumbuka waliochaguliwa mwaka ule. Sudi alikwenda.

Dulla 21:25
Ndo maana mwandiko wako kama wa daktari bro 😂

Wifi Neema 21:25
Dulla si mahali pake.

*Dulla amefuta ujumbe*

Dada Mwasiti 21:33
Hamza mdogo wangu, ndiyo maana ya shughuli nzima. Sikuandaa hii kwa ajili ya kelele. Sudi yuko njiani, yuko kwenye treni, Jumamosi asubuhi anashuka. Nyie wawili hamjakaa uwanja mmoja tangu arusi ya Shamim, na hata pale mlikaa mmoja jikoni mmoja barazani. Nataka mkae benchi moja.

Hamza 21:35
Kwa projekta?

Dada Mwasiti 21:36
Kwa chochote. Nimeshajaribu futari, nimejaribu msiba. Mnakwepana.

Mama Shamim 21:50
Na yeye humu yumo. Kasoma, naona.

Baba Mdogo Issa 22:04
Mambo ya watoto wa miaka ile. Yaacheni.

Hamza 22:06
Baba Mdogo shikamoo. Mkono huu ninao mpaka leo, ndoo ya maji siinyanyui juu ya bega.

Shamim 22:31
Samahanini, Bibi nimemsomea yote. Kasema niandike kama anavyosema, nisipunguze wala nisiongeze.

Shamim 22:40
*Mimi nanyi wajukuu zangu. Hao wazungu siwajui. Mwasiti kanieleza kwamba yule mrefu alipanda na mguu mbovu, na walikuwa wamekubaliana na mwenzake. Na yule wa pili alipoanguka mara ya pili, huyu mrefu aliogopa. Basi huyo ana utu.*

*Sudi hakuogopa. Alikimbilia kwa mjomba wake Gungu, akakaa huko mpaka shule ilipofunguliwa. Mkono wa Hamza nimeukanda mimi kwa mawese, asubuhi na jioni, mpaka banzi zikafunguliwa. Sudi hajawahi kuja kuuangalia ule mkono. Bati nilinunua, nikaezeka, nikanyamaza. La bati silidai. La mkono halijafika kwangu mpaka leo.*

*Picha mtaangalia. Lakini kabla haijawashwa, Sudi atakaa mbele yangu, Hamza atakaa mbele yangu, na nyie wengine mtakaa kimya, Issa na wewe. Mmoja asipokuja, ile shuka yangu nyeupe mnayotaka kutundika ukutani sitoi.*

Wifi Neema 22:41
Shikamoo Bibi

Rajabu Kibirizi 22:41
Shikamoo Bibi

Dulla 22:42
Shikamoo Bibi

Mama Shamim 22:42
Shikamoo mama

Mjomba Gungu 22:44
Shikamoo mama. Ni kweli alikuja kwangu.

Binti Katubuka 22:47
Shikamoo Bibi 🙏🏾

Baba Mdogo Issa 22:55
Shikamoo mama. Nimesikia.

Shamim 22:57
Marahaba wote. Amelala.

IJUMAA

Dada Mwasiti 07:05
Sabalkheri. Kwa hiyo ni Jumamosi, si Jumapili. Baba Mdogo mpira uangalie redioni. Mahitaji yaliyobaki: petroli ya jenereta, waya mrefu, benchi za madrasa, turubai kama mvua ikija. Lile turubai la msiba wa Katubuka nani analo?

Dada Mwasiti 10:18
Turubai?

Binti Katubuka 12:40
Tulilirudisha

Mama Shamim 12:44
Mlimrudishia nani? Kwangu halikufika.

Dada Mwasiti 12:46
Tusianze la turubai leo. Nawaomba.

Dulla 13:02
Jenereta ya kwangu nitaileta. Bila utani. Petroli sina.

Dada Mwasiti 13:04
Ahsante Dulla. Petroli natafuta. Hamza?

Hamza 16:20
Nitakuja kumwamkia Bibi. Yeye kaniita, siwezi kukataa. Kama nitabaki mpaka kwenye picha au sibaki, hilo tutaliona hapohapo.

Dada Mwasiti 16:21
Inatosha kwangu.

Mama Shamim 16:48
Wanangu wataangalia machela na yule Mankind alivyotoka kwa miguu yake. Kile kipande cha kuanguka juu ya meza, mnaniita niwatoe nje kwanza. Au Mwasiti ukisimamishe useme hao ni watu wazima na walikubaliana. Kimoja kati ya hivyo.

Dada Mwasiti 16:55
Nitakisimamisha. Na nitawaeleza na ile ya pini. Foley alizimwaga mwenyewe ulingoni, maelfu, na ndiye aliyezilalia. Lazima waambiwe mtu alivyoumia, wasione tu alivyoinuka.

Baba Mdogo Issa 17:10
Usiku uleule si alirudi tena?

Dada Mwasiti 17:12
Alirudi Baba Mdogo! Kwenye pambano la Kane na Stone Cold, la mwisho. Yeye na Undertaker wote wawili. Kumbe unaijua?

Baba Mdogo Issa 17:30
Deki ilikuwa ya nani?

Sudi 21:47
Treni imefika Tabora. Mtandao ulikuwa haushiki. Nimesoma yote.

Dada Mwasiti 21:48
Alhamdulillahi. Umesoma, na unasemaje?

Dada Mwasiti 21:59
Sudi?

Mama Shamim 22:15
Alama ni moja. Simu imezimika au treni imeondoka.

Hamza 22:16
Muacheni.

Dada Mwasiti 22:20
Haya. Treni nitaipokea mimi. Rajabu, migebuka mwachie Shamim, isifike kwa Dulla. Mwenye projekta kanipigia sasa hivi, kicheni pati wameongeza dau, anataka jibu kabla ya saa nne asubuhi. Nani yuko macho mwenye salio?