Tupeane uzoefu: moyo unaenda mbio, vipimo viko safi, kumbe ni wasiwasi

#1
Wakuu habari za usiku. Naomba hapa tupeane uzoefu bila kuchekana.

Mi nauza vitenge Kariakoo. Mwaka juzi niko kwenye daladala natokea Mbagala, ghafla moyo ukaanza kudunda, vidole ganzi, jasho la baridi, nikajua ndo naondoka. Nikashuka kwa Azizi Ali nikakaa chini pembeni ya muuza machungwa, yule mama akanimenyea moja akanishikisha mkononi, hata hela hakudai.

Baada ya hapo ni kuzunguka mahospitali. Presha, sukari, kile kipimo cha moyo cha waya kifuani, vyote safi. Sehemu moja wakasema vidonda vya tumbo nikameza dawa weee, wapi. Miezi minane.

Aliyenifungua ni daktari mmoja mzee, aliweka vipimo pembeni akauliza, kabla haijaanza nyumbani kulitokea nini? Nikajikuta namsimulia kaka yangu, tulimzika wiki tatu kabla, mi ndo nilisimamia msiba kuanzia jeneza mpaka maturubai na sikulia hata siku moja maana wote walikuwa wananiangalia mimi. Nililia palepale. Akaniambia moyo wako mzima, hiyo ni hofu, mwili unajiandaa kukimbia hatari ambayo haipo, ukihema harakaharaka ndo ganzi inakuja.

Akanielekeza kwa mshauri nasaha. Nilidhani ntapewa mawaidha, kumbe dada wa watu anaongea kidogo mno. Alinipa kazi ya kuandika kwenye daftari, imekuja saa ngapi, uko wapi, ulikuwa unawaza nini. Akanifundisha kutoa pumzi taratibu kuliko ninavyoivuta. Halafu panda daladala kituo kimoja, ikikushika usishuke, subiri ipite. Ikawa viwili, vitatu. Nilienda kwake mara nane. Nyie ilikuwaje?

#2
Pole sana kaka. Mi ilikuja baada ya kujifungua wa pili. Mtoto analia, mi nimekaa sakafuni jikoni namwangalia tu, sisikii chochote, si huruma si hasira. Mama mkwe akasema nimetupiwa kitu. Mume anasema mbona wa kwanza hukuwa hivi. Nilikuwa naona aibu, mama gani hampendi mwanae?

Kliniki ya mtoto, nesi akamaliza kupima uzito akaniuliza, na wewe mama unalala? Swali hilohilo tu. Kumbe ni sonona ya baada ya uzazi na inawapata wengi. Nilipewa vidonge, ila mjue havifanyi kazi kesho yake, mi wiki ya nne ndo nilianza kuona afadhali, watu wengi wanaacha wiki ya kwanza wanasema dawa mbovu. Na mama mkwe alipoelezwa na daktari akawa anamchukua mtoto usiku nilale, Mungu ambariki. Wadada, ukianza kupata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto usingoje kliniki ijayo, mwambie mtu siku hiyohiyo uende hospitali.

#3
Mimi niko Mombasa. Mdogo wangu alijaribu kujitoa uhai 2021 na tulimficha nyumbani, hata hospitali tuliogopa kusema ukweli, maana ilikuwa ni kesi ya polisi. Hiyo sheria Mahakama Kuu hapa Kenya ilisema inakiuka katiba Januari 2025. Nikifikiria ile miezi tulimfungia ndani badala ya kumtibu naumia sana.

Halafu chagueni mshauri vizuri. Wa kwanza tulimpata kupitia jamaa, baada ya wiki shangazi anajua kila kitu. Tukahama. Wa pili siku ya kwanza alitueleza yapi ataweka siri na yapi hawezi, yaani akiona maisha yako hatarini. Hapo ndo kijana akafungua mdomo.

#4
Mkuu #1, mi dalili zangu ni hizohizo kabisa ila naogopa, nikionekana huko mtaani watasema chizi anapelekwa Mirembe.

#5
Ndugu yangu, mi mwenyewe nilikuwa na hofu hiyohiyo. Anza kituo cha afya kama mgonjwa yeyote, wakupime moyo na presha kwanza usije ukapuuza ugonjwa wa kweli, vikiwa safi waombe wakuelekeze kliniki ya afya ya akili. Kama uko Dar hata Muhimbili ipo, unakaa kwenye benchi na watu wa kawaida tu, siku yangu pembeni alikuwepo mwalimu anasahihisha madaftari. Ukitaka kusindikizwa njoo inbox, Jumatano huwa nafunga duka mapema.