Neno la Kiingereza “vitriol” lina maana gani hasa, na limetoka wapi?

Mfasiri
Ndugu zangu, natafsiri makala ya uhakiki wa vitabu na neno “vitriol” limenikwamisha. Mwandishi anasema kwamba mhakiki mmoja alimjibu kwa “vitriol”. Niliandika “ukosoaji mkali”, lakini kila nikiirudia sentensi hiyo naiona imepoa. Neno hili lilianzia wapi hata likaingia kwenye uhakiki?

Mwalimu wa Kemia
Mzizi wake ni “vitrum”, yaani kioo kwa Kilatini. Jina hilo lilipewa chumvi za salfeti kwa kuwa fuwele zake hung’aa kama vipande vya kioo: ya chuma ni ya kijani, ya zinki ni nyeupe, na ya shaba, ambayo ni ya buluu, ndiyo tunayoiita mrututu. Wanaalkemia, yaani watangulizi wa wanakemia wa leo, walipoichoma ile ya kijani kwa moto mkali walipata kimiminika kizito kinachoteleza, wakakiita mafuta ya vitriol, nacho ndicho asidi ya salfuriki. Tone lake likiangukia kitambaa cha pamba, uzi hugeuka rangi, hulegea, kisha panabaki tundu lenye kingo nyeusi. Kufikia mwisho wa karne ya 18 Waingereza walikuwa wameanza kulitumia jina hilo kwa maneno yanayounguza namna hiyo.

Mhariri
Nashukuru kwa maelezo ya Mwalimu, nami naongeza jambo ambalo kwa mfasiri lina uzito zaidi. Katika karne ya 19 kummwagia mtu vitriol usoni kulikuwa uhalifu uliojulikana sana Uingereza, hata sheria ya mwaka 1861 kuhusu makosa dhidi ya mwili wa mtu ikataja waziwazi kosa la kurusha kimiminika kinachounguza. Kwa hiyo neno hili limebeba nia ya kudhuru. Mhakiki akiandika kwamba sura ya tatu haina ushahidi na hitimisho halitokani na hoja, amekuwa mkali, na pengine ana haki. Akiandika kwamba mwandishi ni mpumbavu asiyestahili kushika kalamu, ameiacha kazi na kumgeukia mtu, na hiyo ndiyo “vitriol”. “Ukosoaji mkali” hauonyeshi tofauti hiyo, wala “shutuma” haionyeshi.

Mfasiri
Je, nikiandika “maneno ya tindikali”, ili ile picha ya kuunguza isipotee?

Mhariri
Picha itabaki, lakini msomaji atasimama kuishangaa, ilhali Mwingereza wa leo hulisoma neno lake bila kukumbuka asidi yoyote. Kiswahili kina “maneno ya sumu”, na tunasema mtu “ametema sumu”, jambo ambalo lina chuki ile ile ndani yake. Ila tazama kwanza mhakiki huyo alisema nini.

Mfasiri
Nimetazama. Hakugusa hata ukurasa mmoja wa kitabu. Alimsema mwandishi na malezi yake tu. Nimeandika: “Mhakiki alimjibu kwa maneno ya sumu.”