Kukereza mbao nyumbani, Dodoma: nianze na mashine gani, mti gani na patasi zipi?

Mkazi wa Nkuhungu

Ndugu mafundi na wapenzi wa kazi za mikono, salamu kwenu. Mimi ni mtumishi wa ofisini hapa Dodoma mjini. Nyuma ya nyumba ninayoishi kuna banda dogo lenye umeme wa kawaida, meza imara na jiliwa, nami nimekusudia kulitumia kujifunza kukereza mbao, yaani kuuchonga mti kwa patasi huku mashine ikiuzungusha, si kwa biashara bali kwa kupumzisha akili baada ya kutwa nzima ya kusoma majalada. Nataka kutengeneza vitu vidogo vidogo: pia za watoto, vishikio vya droo, miti ya kusukumia chapati, vinara vya mishumaa na baadaye, nikijaliwa, bakuli.

Useremala wa kawaida naufahamu kiasi. Randa na msumeno havinisumbui. Mashine ya kukereza sijawahi kuiendesha. Nimezunguka kwa mafundi samani wa hapa mjini nikaona mashine kubwa za kukerezea miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, ambazo ukubwa wake hauingii katika banda langu wala bei yake mfukoni mwangu. Naomba kuelekezwa mambo matatu: mashine ya kiasi gani inamtosha mtu wa vitu vidogo; ni miti gani ya huku kwetu inayomfaa anayeanza; na je, ni salama kutumia tupa kuukuu zilizonolewa badala ya kununua patasi za kukerezea, kama alivyonishauri fundi mmoja?

Fundi wa Kizota

Ndugu Mkazi, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukupeleka hospitali. Usitumie tupa. Chuma cha tupa kimetiwa ugumu ili kiweze kula chuma kingine, na ugumu huo umekifanya kiwe kikavu: kikielemewa hakipindi, hukatika. Patasi inapokwama ghafla kwenye mti unaozunguka, nguvu yote hukusanyika pale chuma kinapopita juu ya egemeo, yaani chuma cha mashine ambacho patasi hulalia, na tupa hukatikia hapo hapo huku kipande chake kikirushwa kwa mwendo usioweza kuukwepa. Wapo wanaoirudisha tupa motoni kuipunguza ugumu kabla ya kuinoa, na jambo hilo linawezekana, lakini ni kazi ya mhunzi anayezisoma rangi za chuma, si ya mtu anayeanza. Patasi ya kawaida ya seremala nayo haifai, kwa kuwa mpini wake ni mfupi na huwezi kuutuliza. Ukikosa fedha za seti nzima, nunua patasi nne tu: bobari (patasi yenye mfereji) pana ya kuondoa pembe, bobari nyembamba ya kuchonga mabonde, patasi ya mshazari ya kulainisha, na patasi nyembamba ya kukatia. Zikiwa na alama ya HSS, yaani chuma cha kukatia kwa kasi, zitahimili joto la jiwe la kunolea; zikiwa za chuma cha kawaida, zichovye majini mara kwa mara unaponoa, maana makali yakigeuka rangi ya buluu ujue ugumu wake umekwisha na itabidi usage hadi uipite sehemu hiyo.

Kuhusu mashine, mota ya nusu farasi, yaani takriban wati 370, inatosha kabisa kwa vitu ulivyovitaja. Mota nyingi za umeme wetu huzunguka kiasi cha mara 1,400 kwa dakika. Ukiweka puli za ngazi (magurudumu ya mkanda yenye vipenyo tofauti), ile ya mota ikiwa na inchi mbili na ile ya mashine inchi nne, mwendo unashuka hadi 700, nao ndio wa kuanzia wakati mti bado una pembe. Wakerezaji wana kanuni yao: zidisha kipenyo cha mti kwa inchi na mizunguko kwa dakika, na jibu lisivuke 9,000. Mti wa chapati wa inchi mbili kwa 1,400 unakupa 2,800, kwa hiyo uko mbali sana na hatari. Bakuli la inchi kumi kwa mwendo huo huo ni 14,000, na hapo usisogee.

Nikushauri jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: bakuli liache kwa muda. Anza na vitu virefu vinavyoshikwa kati ya ncha mbili za mashine, ya mbele na ya nyuma, ambavyo nyuzi zake zimelala sambamba na mashine. Huko kuna sheria moja ya kushika: kata kutoka kwenye unene kwenda kwenye wembamba, nawe utakuwa unazilaza nyuzi badala ya kuzifukua. Bakuli nyuzi zake hukatisha njia, na katika kila mzunguko patasi hukutana mara mbili na nyuzi zilizosimama wima. Anayeanza huko hujifunza woga kabla ya kujifunza kazi. Tena ile bobari pana isiguse bakuli kamwe, kwa sababu shina lake linaloingia kwenye mpini ni jembamba na hukatika.

Namna ya kushika ni hii. Sogeza egemeo lakini lisiguse mti, kisha zungusha mti kwa mkono duru nzima kabla ya kuwasha. Patasi iegemee kwanza, halafu mgongo wake uguse mti bila kukata, halafu ndipo uinue mpini taratibu mpaka makali yaanze kutoa maranda. Yakitoka maranda marefu yanayojikunja, endelea. Ukiona unatoa vumbi tupu, zima mashine ukanoe, usiongeze nguvu. Nimewaona vijana wakilaumu mti, wakilaumu mota, wakilaumu hata umeme, kumbe patasi ni butu.

Glavu usivae, kwa kuwa glavu ikinaswa inavuta mkono mzima. Mikono ya shati ikunje juu ya kiwiko au ifunge vifungo. Uso mzima ukingwe kwa ngao ya plastiki, kwa maana miwani peke yake haizuii kipande cha mti kukuvunja meno.

Mstaafu wa Mpwapwa

Fundi amesema vyema, nami naongeza kuhusu miti, kwa sababu hali ya hewa ya kanda yetu ina mambo yake. Huku mvua hunyesha Desemba hadi Aprili, na miezi mingine yote ni ukavu na upepo. Gogo bichi ukiliacha uani mwezi wa Agosti litapasuka kabla hujalikumbuka. Sababu ni kwamba maji hutoka kwa haraka zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, na tena mti husinyaa kwa kuzunguka moyo wake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea moyoni. Gogo zima lenye moyo ndani, kwa hiyo, halina budi kupasuka. Lipasue wewe mwenyewe katikati ya moyo likiwa bichi, zipake ncha nta au rangi ya mafuta iliyobaki, na vipande vikae kivulini vikiwa vimetenganishwa na vijiti ili hewa ipite. Mwenye mizani ya jikoni apime kipande kimoja kila juma na kuandika uzito juu yake kwa penseli. Uzito ukiacha kushuka, mti umekauka.

Kwa mtu anayeanza, hata hivyo, sioni haja ya kuhangaika na mti mbichi. Nenda kwa mafundi samani uombe mabaki ya mninga. Ni mti mtulivu, haujipindi, husinyaa kidogo sana ukikauka, na unakatika vizuri. Kipande cha inchi mbili kwa mbili chenye urefu wa futi moja na nusu, ambacho kwao ni cha kuchochea moto, kwako ni mti wa chapati. Mwembe nao ni mzuri, laini na wa bei ndogo, na mara nyingi una michirizi myeusi inayopendeza, ila ukichelewa kuukausha huoza. Mkwaju ni mgumu kweli kweli na utakufundisha kunoa. Misindano inayoletwa kutoka Sao Hill kule Mufindi inafaa kwa zoezi tu, kwa kuwa nyuzi zake hung'oka na kuacha uso wenye manyoya.

Kuna mbao moja nakukataza, nayo imejaa kila mahali Dodoma kwa sababu ya ujenzi: mabaki ya mbao za kenchi zilizotiwa dawa ya rangi ya kijani. Dawa hiyo kwa kawaida huwa na shaba, kromi na aseniki. Usiikereze, usiipige msasa, wala usiichome jikoni.

Mpingo najua utauulizia, kwa kuwa kila mtu huuulizia. Ni mti mzito unaozama majini, na huko nje wakerezaji wa zumari za klarineti wanautegemea huo huo. Lakini vumbi lake, kama lile la mninga, huwasumbua watu wengi ngozi na kifua, kwa hiyo barakoa ni ya lazima na mlango wa banda uwe wazi. Aidha, mpingo ni mti unaolindwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Usinunue gogo kwa mtu wa baiskeli anayepita jioni. Nunua vipande kwa muuzaji mwenye vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, na uombe risiti.

Binti wa Singida

Nawaheshimu kaka zangu na mzee wetu, ila sikubaliani na wazo kwamba lazima mtu aanze na mota. Mimi nakerezea kwenye mguu wa cherehani ya zamani. Nimeondoa kichwa cha cherehani, nikafungia mezani ekseli fupi yenye beringi mbili, na mkanda wa ngozi ule ule unaizungusha. Haina nguvu ya kubeba mti wa chapati, na fundi atanicheka, lakini kwa pia, vishikio vya droo na kete za mchezo wa draft inatosha, umeme ukikatika naendelea na kazi, na patasi ikikwama mti husimama badala ya kunipiga. Kwa mtu anayetaka utulivu wa jioni, kama alivyosema mwuliza swali, kelele ya mota ni hasara tupu.

Fundi wa Kizota

Dada, sikucheki hata kidogo. Wazee wetu wa pwani walikereza miguu ya vitanda kwa upinde na kamba, mkono mmoja ukivuta na mwingine ukikata, na kazi zao ziko hadi leo. Ninachosisitiza ni kwamba Ndugu Mkazi ametaja vinara na miti ya chapati, na kwa unene huo mguu utachoka kabla ya mti kuwa mviringo.

Mkazi wa Nkuhungu

Mzee wangu wa Mpwapwa, shikamoo. Fundi na dada, nawashukuru sana. Nimeamua kuanza na mti wa chapati wa mninga kwenye mashine ndogo ya mota, na tupa nimezirudisha kwenye sanduku lake. Nimebaki na mashaka mawili. La kwanza ni la kupaka: je, kifaa cha jikoni nikipake vanishi au mafuta ya alizeti, ambayo huku kwetu hayakosekani? La pili ni kuhusu pia: nitaikamataje wakati ni fupi namna ile na sina kikamatio cha meno, kile kinachoushika mti kwa upande mmoja tu?

Binti wa Singida

Vanishi usiipake kwenye kitu kinachogusa unga, kwa sababu itabanduka na kuingia kwenye chapati. Mafuta ya alizeti yanaingia vizuri ndani ya mti, lakini hukauka polepole mno, na ukipaka mengi yatanata na kushika vumbi. Mimi nayachanganya na nta ya nyuki, ambayo wafugaji nyuki wa Manyoni na Itigi wanayo ya kutosha: sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu au nne za mafuta, ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si moja kwa moja juu ya mkaa. Paka kidogo mashine ikiwa imezimwa, subiri yaingie, kisha washa kwa mwendo mdogo na ufute kwa karatasi laini. Nasema karatasi, si kitambaa, kwa sababu karatasi ikinaswa huchanika ilhali kitambaa kitaondoka na kidole. Kama utatumia mafuta ya kitani badala ya alizeti, karatasi ulizofutia zitandaze nje moja moja, kwani zikirundikwa hujipasha joto zenyewe na zinaweza kuwaka.

Mstaafu wa Mpwapwa

Marahaba, mwanangu. Kwa pia huhitaji kikamatio chochote. Chukua mti wa urefu wa shibiri, ushike kati ya ncha mbili kama ulivyofanya kwa mti wa chapati, kisha ukereze pia mbili zikiwa zimeelekeana mikia katikati, kila moja ikiwa na ncha yake upande wa nje. Acha kipande kidogo cha mti kila mwisho, mahali mashine inaposhika. Piga msasa namba 120, halafu 180, halafu 240, ukiondoa egemeo kabla ya kuanza kusugua. Punguza shingo, yaani kila mahali pia inapoungana na mwenzake au na kipande cha mwisho, kwa patasi ya kukatia hadi ibaki nyembamba kama penseli, zima mashine, na umalizie kwa msumeno wa meno madogo. Unene wa pia uwe chini, karibu na ncha, na ncha yenyewe iwe butu kidogo, kwa maana ncha kali mno huchimba sakafu na kuiangusha pia mapema.