Mungu ni Me au Ke? Jumuiya yetu imegawanyika, karibuni tujadili

Mleta mada

Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi wa "Bwana Yesu asifiwe" karibuni pia, hili linatuhusu wote.

Alhamisi jioni tulisali jumuiya nyumbani kwa mjane mmoja. Mwenye nyumba ndiye aliyefungua sala: "Ee Mungu, Baba na Mama yetu..." Hakufika mbali. Mwenyekiti alikohoa, akamkatiza, akasema tuanze upya kama Kanisa linavyofundisha. Mama wa watu akainamisha kichwa, mwingine akaongoza. Chai tulikunywa kimya na maandazi yakabaki. Maandazi ya mama yule huwa hayabaki.

Tangu siku hiyo tumegawanyika. Wapo wanaosema alikufuru, wapo wanaosema mwenyekiti ndiye wa kuomba radhi. Mimi najiuliza: kwenye fomu zetu kuna pale pa "Jinsi: Me/Ke". Mungu tungemjazia nini?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema nisionekane nachokonoa tu. Mungu hana jinsi. "Baba" tunayemwita ni jina la uhusiano, halielezi maumbile. Yule mama hakukosea imani. Pengine alikosea itifaki.

Tena Kiswahili kimetuepusha na nusu ya ugomvi huu bila sisi kujua. Wasema Kiingereza hawawezi kumtaja Mungu mara mbili katika sentensi moja bila kuchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike. Mwaka 2023 Kanisa la Anglikana la Uingereza liliposema litaichunguza lugha hiyo ya ibada, magazeti ya kule yaliwaka moto. Sisi tunasema "yeye", tunasema "anatupenda", yamekwisha. Neno Mungu lenyewe lina umbo la mti (mti, miti, Mungu, miungu) ila linakula upatanisho wa mtu. Sasa fanyeni ishara ya msalaba polepole. Roho haina mume wala mke. Mwana ni mtoto yeyote, na kule pwani "Mwana" ni jina la heshima la mwanamke: Mwana Mkisi malkia wa Mombasa, Mwana Kupona aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858. Linabaki neno moja tu lenye jinsi ndani yake, nalo ni Baba. Ubishi wetu wote umekalia neno moja.

Mwanamaombi

Bwana Yesu asifiwe. Mkuu, hapa hakuna mjadala. Wanafunzi walimwomba Yesu awafundishe kusali, Luka 11. Hakusema "Mama yetu", hakusema "Mzazi wetu". Alisema Baba. Na si kwamba hakujua habari za miungu wa kike, dunia ya siku zile ilikuwa imejaa hao kuanzia Misri hadi Efeso. Someni Yeremia 44 muone wale walioapa kuendelea kumfukizia uvumba malkia wa mbinguni, na jibu walilopata. Leo "Mama yetu" jumuiyani, kesho sanamu sebuleni.

Halafu Yesu alikuwa mwanamume, alitahiriwa siku ya nane. Naye alisema aliyemwona yeye amemwona Baba. Jumlisheni wenyewe.

Mleta mada

Nimejumlisha, nimepata Baba mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, Myahudi, anayekula samaki wa kuokwa. Hesabu yako ina kasoro mahali, Mwanamaombi.

Katekista Mstaafu

Marahaba kwa wote walionitumia shikamoo pembeni. Nimefundisha komunyo ya kwanza na kipaimara miaka mingi, swali hili huletwa na watoto wa darasa la tatu. Watu wazima huwa wamekwisha kuacha kuuliza.

Kwanza, Mleta mada yuko sahihi kuhusu mafundisho, na mwenyekiti wake akafungue kitabu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa 1992, namba 239, inasema Mungu amevuka tofauti ya jinsi za kibinadamu, si mwanamume wala mwanamke, ni Mungu. Namba 370 inarudia jambo hilohilo kwa nguvu zaidi: Mungu ni roho tupu, na ndani yake tofauti ya jinsi haina nafasi. Hayo si mambo ya wazungu wa juzi. Katika karne ya 4 askofu Gregori wa Nazianzo aliwacheka hadharani watu waliodhani Mungu ni dume kwa sababu tu anaitwa Baba. Aliwaambia kwa kanuni hiyo basi Umungu utakuwa wa kike na Roho hatakuwa wa kiume wala wa kike, maana ndivyo maneno hayo yalivyo katika sarufi ya Kigiriki.

Na yule mama wa maandazi hakuwa wa kwanza. Papa Yohane Paulo wa Kwanza, yule aliyekaa siku 33 tu, tarehe 10 Septemba 1978 aliwaambia waamini waliokusanyika kwa sala ya Malaika wa Bwana kwamba Mungu ni baba yetu, na zaidi ya hapo ni mama. Hakuna aliyekohoa.

Lakini sasa nageukia upande wa pili, Mleta mada usifurahi mapema. Kusema Mungu hana jinsi ni jambo moja, kubadilisha jina ni jingine. Paulo kwa Waefeso anampigia Baba magoti, "ambaye kwa jina lake ubaba wote wa mbinguni na wa duniani unaitwa". Angalia mwelekeo. Si kwamba tuliwatazama baba zetu tukamchorea Mungu sura yao. Ubaba wetu sisi ndio uliokopwa kwake, na wengi tumeukopa tukaurudisha umechakaa. Kwa hiyo ukiniuliza kama Mungu ana sifa za mama, nitasema ndiyo bila kupepesa. Ukiniuliza kama tufute "Baba" tuandike "Mama", hapana. Jina hatulikatai kwa kuwa wenye kulibeba duniani wamelichafua.

Bila Jina

Mzee umesema vizuri, ila ngoja niseme na mimi kisha nikae kimya. Baba yangu alikuwa akirudi usiku tunajua kwa jinsi anavyosukuma mlango kama tutalala ndani au kwa jirani. Nimesali Baba Yetu tangu nina miaka minne. Mpaka leo nikifika "uliye mbinguni" huwa napumua, maana maana yake ni kwamba hayuko chumba cha pili.

Sina hoja ya kitheolojia. Nasema tu mkiwa mnagawa neno hilo, kumbukeni wapo wanaolipokea kwa mikono miwili na wapo wanaolipokea kwa kurudi nyuma hatua moja. Mimi sala ya yule mama ningeitikia Amina.

Mwanamaombi

Pole sana ndugu. Nimesoma mara mbili. Kwa hilo sibishani na wewe.

Msoma Kiebrania

Niko mwaka wa tatu chuo cha theolojia, kwa hiyo nivumilieni.

Mwanamaombi anapigania Biblia, ni jambo zuri, basi tuifungue yote. Hesabu 23:19 tunasoma "Mungu si mtu, aseme uongo". Kwa Kiebrania neno lililotumika pale kwa "mtu" ni *ish*, neno lilelile la mwanamume. Hosea 11:9 vivyo hivyo, "mimi ni Mungu, wala si mwanadamu": *ish*. Anayetaka andiko linalosema Mungu si mwanamume, analo. Upande wa mifano, Isaya 42 anamsikia Mungu akilia kama mwanamke mwenye utungu, Isaya 49 anauliza kama mama aweza kumsahau anyonyaye, na Isaya 66 anamfananisha na mama anayembembeleza mtoto. Yesu naye alijifananisha na kuku na vifaranga. Na katika Luka 15, kati ya mchungaji anayetafuta kondoo na baba anayemngoja mwana mpotevu, kakaa mwanamke anayefagia nyumba akitafuta shilingi yake. Tumepaka rangi vioo vya makanisa kwa mchungaji yule na baba yule. Mwenye ufagio sijamwona kwenye kioo hata kimoja.

Hata hivyo nimtendee haki Mwanamaombi: hayo ya Isaya ni mifano, "kama mama", na hakuna mahali Biblia inamwita Mungu "Mama" kwa wito wa moja kwa moja kama inavyomwita Baba. Tofauti hiyo ni ya kweli, tusiifunike.

Ila kuna neno moja mnalitamka kila Jumapili. Huruma kwa Kiebrania ni *rachamim*, na mzizi wake ni mmoja na *rechem*, tumbo la uzazi. Waarabu wana jozi hiyohiyo, *rahma* na *rahim*. Sisi *rahma* tuliichukua tukaifanya rehema. Kila anayesema "Mungu wa rehema" amebeba tumbo la mama mdomoni.

Jirani

Asalaam aleikum, nimepita tu. Kwetu swali halifiki mbali kwa sababu tunasoma kwamba hakuzaa wala hakuzaliwa, kwa hiyo baba na mama yote hatutumii. Kiarabu kinamtaja kwa kiwakilishi *huwa*, yaani "yeye", ambacho ni cha kiume katika sarufi, na hakuna mwanachuoni ninayemjua aliyetoka hapo akasema Mwenyezi Mungu ni mwanamume. Hilo la rehema limenigusa. Endeleeni.

Binti wa Longido

Mnajadili kana kwamba Afrika Mashariki wote tunasali kwa lugha isiyo na jinsi. Kimaa, lugha yetu Wamasai, kinayo. Vitu vya kiume vinaanza na *ol*, vya kike na *en*. Mzee ni *olpayian*, mwanamke ni *enkitok*. Na Mungu ni *Enkai*. Ya kike. Hilo si la mapokeo ya zamani peke yake, ndilo jina tunalosalia kanisani mpaka leo. Mlima mnaoupiga picha, Oldoinyo Lengai, ni mlima wa Enkai.

Hata sifa zinafuata. Mlima ulio juu ya Namanga unaitwa Oldoinyo Orok, mlima mweusi, *orok* ya kiume. Mungu tunamwita *Enkai narok*, na hiyo *na* ni ya kike. Narok ndiye mwema, mwenye wingu la mvua. *Nanyokie*, mwekundu, ndiye wa hasira na ukame. Enkai ni mvua pia, na anga pia. Bibi yangu alikuwa akisali asubuhi akinyunyizia maziwa, kabla padre yeyote hajafika bomani, na alipobatizwa hakubadilisha jina la aliyekuwa akimsalia. Kwa hiyo sisi tunamwita Enkai, kisha katika Sala ya Bwana tunamwita Baba, pumzi moja, na hakuna aliyezimia.

Majirani zetu Wairaqw wa Mbulu wazee wao walimwita Looaa, wa kike naye. Wakikuyu walichukua jina kwetu wakalifanya Ngai, ila lugha yao haina *ol* wala *en*, jinsi ikabaki mpakani.

Msoma Kiebrania

Binti wa Longido, umenifungua macho, lakini kidogo tu nikupinge: *en* ya Kimaa hutumika pia kwa vitu vidogo, na *ol* kwa vikubwa. Jinsi ya sarufi si jinsi ya mwili. Wakristo wa Kisiria wa mwanzo, kwa kuwa neno lao la roho, *ruha*, ni la kike, walimwita Roho Mtakatifu mama, Afrahati wa karne ya 4 ni mmoja wao. Sidhani walimaanisha Roho ana mwili.

Binti wa Longido

Sijasema ana mwili, kaka yangu. Nimesema tu sarufi ikiwa ya kiume mnaijengea kanisa, ikiwa ya kike mnatukumbusha ni sarufi.

Mwanamaombi

Hapo dada amepiga penyewe, nakubali. Lakini bado niko na swali moja, na nataka Wakatoliki mnijibu bila kuzunguka. Kama "Baba" halina jinsi, je mtu akibatizwa kwa jina la Muumba, na la Mkombozi, na la Mtakasaji, mnampokea?

Katekista Mstaafu

Hatumpokei. Mwaka 2008 ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani iliulizwa swali hilohilo, ikajibu kwamba ubatizo huo si halali, abatizwe. Wengi wanadhani jibu lile lilikuwa la kutetea uanaume wa Mungu. Kiini chake ni kwamba Muumba na Mkombozi ni kazi, na kazi zote Nafsi tatu huzifanya pamoja. Baba na Mwana ni uhusiano, nao hauelezeki kwa kazi. Mimi nikisema fundi nimetaja ninachofanya, nikisema baba wa fulani nimetaja ninayehusiana naye. Wachewa mjomba humwita *malume*, mama wa kiume, na hakuna anayempeleka kliniki ya wajawazito. Tunajua neno limebeba nini.

Kwa hiyo Mwanamaombi, kwenye ubatizo na liturujia neno halibadiliki. Kwenye sala ya mtu moyoni mwake, au jumuiyani, sioni kosa linalostahili mjane akatizwe.

Mleta mada

Narudi na mrejesho. Jana nilipita kwa yule mama. Sikutaka kumfungulia theolojia, nilimuuliza tu sala ile aliipata wapi. Akasema mumewe alipofariki, watoto walikuwa watatu na mdogo ananyonya. "Nilikuwa baba na mama mwenyewe. Nikaona aliyenisaidia lazima naye ni vyote viwili." Basi. Akanipa maandazi.

Mwenyekiti nilimwonyesha ile namba 239. Aliisoma, akaisoma tena, akasema "lakini si utaratibu", kisha akaniomba nimtumie picha ya ukurasa.

Leo ilikuwa Alhamisi, zamu ya nyumbani kwake mwenyekiti. Kabla hatujaketi alimwambia mama, "Mama, tuongoze wewe." Mama akasita, akatazama chini, nadhani alikuwa anachagua maneno yasiyo na ugomvi. Akaanza, "Ee Mungu wa rehema." Mwenyekiti akaitikia kwa sauti kuliko sote. Habari za Kiebrania sikumwambia.