AC inapuliza upepo tu, haipoozi. Bwiru, Mwanza

Wakuu habari, nina AC ya BTU 12000 chumbani, mwaka jana ilikuwa inanifanya nijifunike blanketi ila sasa naweka 18 inazunguka usiku kucha na jasho linanitoka, fundi kaja kaangalia dakika mbili akasema gesi imeisha nitoe hela ajaze. Nimpe?

Mzee wa Kirumba
Usimpe kwanza. Gesi ya AC haiishi kama ya kupikia ndugu yangu, ikipungua ujue kuna mahali inavuja, akijaza bila kuziba utamwita tena. Filta umeosha lini?

Muulizaji
Filta nimeosha jana na maji ya bomba, ipo safi.

Dada Ilemela
Uko karibu na ziwa? Nenda kaangalie ile mashine ya nje, kwa nyuma. Yangu nilikuta wale vijidudu vya ziwani wamejikandika kwenye mapezi (vile vibati vyembamba vilivyopangana) hadi yamekuwa kama mkeka mweusi, na harufu ya dagaa waliolowa, joto litapitia wapi kutoka nje hapo? Zima swichi kubwa, mwagia maji ya kawaida taratibu, usitumie presha mapezi yatapinda.

Muulizaji
Aisee!! Nimetoa ndoo mbili za tope la wadudu, saa hizi nimefunga dirisha naanza kusikia baridi.

Mzee wa Kirumba
Poa. Ila ukiona barafu kwenye bomba la shaba, mwite fundi mwingine, siyo huyo.