Mjadala: Jahazi lisilo na mchoro lipewe maksi kwa kigezo gani?

Shangani Juu
Wadau, salaam. Mliokosa shindano la mifano ya vyombo vya majini hapa Mtwara mjini nawapa matokeo kwa ufupi. Wa kwanza ni manowari ya Kijerumani Königsberg, ya plastiki, skeli 1:350, yaani imepunguzwa mara 350. Wa pili ni Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, ya mbao na bati. Wa tatu ngalawa. Jahazi la mzee mmoja wa Msangamkuu, la mninga, mataruma (mbavu za chombo) yote yamo ndani, limekalafatiwa, yaani limezibwa nafasi za mbao, kwa pamba na mafuta kama linakwenda safarini kesho, halikutajwa kabisa. Fomu ya majaji ilikuwa na maksi 30 za "usahihi kulingana na mchoro". Mzee hana mchoro, kapewa sifuri.

Naombeni mniambie ni fundi gani wa pwani hii amewahi kujenga jahazi kwa mchoro. Anapima kwa mkono na shibiri. Akishalaza mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, mataruma yanafuata jicho lake. Kumnyima maksi 30 kwa sababu hana karatasi ni kumwadhibu kwa kuujua ufundi wake kichwani. Fomu hii ibadilishwe kabla ya shindano lijalo. Na niongeze moja: mfano usioelea si chombo, ni pambo la kabatini.

Mpingo Mtupu
Nimesoma nikasimama hapo kwenye "pambo la kabatini". Dau langu la mpingo lilikuwa meza hiyo hiyo. Mpingo hauelei, hilo mtoto yeyote wa Newala analijua, kipande kikavu ukikitupa ndooni kinakwenda chini moja kwa moja. Kwa hiyo sisi wachongaji wote tumefanya mapambo? Mlingoti na foromali (boriti ya kufungia tanga) ya dau langu vimetoka kwenye gogo lile lile la mwili wa chombo, havikubandikwa mahali popote. Nenda kajaribu, ukivunja nyuzi moja ya mti umepoteza kazi yote. Halafu mtu anakaa Shangani anatuita watu wa kabati.

Nahodha Mstaafu
Mchongaji, punguza hasira, lakini kijana kasema kweli. Chombo kwanza kielee. Mimi nikipewa mfano naushusha majini nione unalala upande gani, omo, yaani sehemu ya mbele, imezama au imenyanyuka. Ukikaa sawa najua aliyeujenga anajua bahari. Mengine yote ni rangi.

Mpingo Mtupu
Shikamoo mzee wangu. Naomba jibu moja tu. Manowari iliyoshinda ilitiwa majini? Haikutiwa. Chini yake ni bapa, imekatwa kwenye mstari wa maji na kubandikwa juu ya ubao uliopakwa rangi ya bahari. Mbona hiyo haikuitwa pambo? Pambo ni la Mmakonde peke yake?

Skeli 350
Naona natafutwa, basi nimekuja. Manowari ni yangu. Tangu matokeo yatoke nasikia mitaani "kanunua boksi la vipande vilivyo tayari, kabandika kwa supagluu". Sikununua boksi lolote. Nimekata karatasi za plastiki kwa wembe, kipande kwa kipande, kwa kufuata mchoro. Meli ya kweli ilikuwa na mita 115 na kidogo, yangu ina sentimita 33, pigeni hesabu wenyewe. Nyaya za antena nimezivuta kutoka kwenye plastiki iliyopashwa moto wa mshumaa, zimekuwa nyembamba kuliko uzi wa cherehani. Kukata meli kwenye mstari wa maji ni jambo la kawaida duniani kote, Wajapani wana mfululizo mzima wa meli za namna hiyo tangu 1971. Kule Marekani majaji wa IPMS, chama cha waunda mifano ya plastiki, wanaanza na ujenzi: mishono ya gundi inaonekana? Milingoti imenyooka? Rangi imetulia? Kwangu walitafuta kasoro kwa tochi.

Shangani Juu, jahazi la mzee nililiangalia kwa heshima zote. Henza yake, kamba ya kupandishia tanga, ina unene wa milimita nne. Kwa skeli ya 1:40 hiyo ni kamba ya sentimita 16. Hakuna jahazi duniani lenye henza nene kama paja la mtoto.

Mwera wa Mingoyo
Mnapimana kamba, mimi nauliza ni meli gani hii tunayoipigia makofi. Si ndiyo iliyojificha Rufiji mwaka 1916 ikauawa na Waingereza? Ya Wajerumani hao hao walionyonga wazee wetu baada ya Majimaji. Watoto wa shule wamepanga mstari kuipiga picha. Nimekasirika na sifichi.

Skeli 350
Ndugu yangu wa Mingoyo, kasirika lakini weka tarehe sawa. Ilizamishwa Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba 1914, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar. Yenyewe ilifika Dar es Salaam 1914, na Majimaji ilikwisha 1907. Haikumnyonga mtu Lindi.

Mwera wa Mingoyo
Umenisahihisha tarehe, hukunijibu. Mizinga ya meli hiyo iling'olewa yote kumi ikaburutwa nchi kavu, na Vita ya Kwanza ya Dunia ikazunguka mpaka ikatufikia sisi. Mahiwa, walikopigana Oktoba 1917, iko hapa hapa Lindi, si Ulaya. Waliobebeshwa mizigo katika vita hiyo walikuwa watu wetu, wakafa njiani kwa njaa na maradhi, na hakuna aliyewatengenezea mfano wa skeli yoyote. Wewe umetengeneza mpaka nyaya za antena.

Dereva wa Masasi
Mingoyo, kama kigezo ni Mjerumani, basi na Liemba ya mshindi wa pili itupe. Si ndiyo Graf von Götzen? Ilijengwa Papenburg, ikaletwa kwenye makasha hadi Dar, ikapakiwa treni kwenda Kigoma, na 1915 ikashushwa Ziwa Tanganyika. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Leo ni yetu na tunaipenda.

Mwera wa Mingoyo
Liemba ilibeba abiria wetu na magunia yetu miaka na miaka kuanzia 1927. Manowari ilibeba nini? Usifananishe.

Binti Mikindani
Jamani, naomba dakika moja nirudishe swali. Fomu ya majaji inafanana sana na utaratibu wa NAVIGA, shirikisho la kimataifa la mifano ya meli. Wao kweli wanadai michoro na nyaraka, na jaji anakagua kama mfano unakubaliana nazo. Lakini wao hao hao wamegawa makundi: vyombo vya makasia na matanga viko C1, vya injini C2, vya boksi la plastiki C6. Hakuna anayeweka tanga na manowari meza moja. Sisi tumechukua sharti la mchoro tukaacha makundi.

Na mchoro kwa chombo cha kwetu ni nini hasa? Kuta za magofu ya Kilwa zimekwaruzwa picha za vyombo karne na karne zilizopita. Mtu akitengeneza mtepe, ule wa kushonwa kwa kamba za nazi usio na msumari hata mmoja, akaleta picha ya ukuta wa Kilwa na maelezo ya wazee, huo ni ushahidi au si ushahidi? Mimi nasema ni ushahidi. Jaji anayejua kazi anaweza kuuliza: urefu wa foromali ukilinganisha na mkuku umeupataje? Mlingoti umelalia mbele kiasi gani na kwa nini? Fundi akijibu vizuri, apewe maksi zake.

Mwalimu wa Ligula
Nilikuwa mmoja wa majaji. Nimevumilia nikisoma, ila neno "sifuri" limeandikwa hapa kana kwamba tulikaa kumdhalilisha mzee. Fomu ilibandikwa ubaoni mapema, kila mshiriki aliiona. Mzee alipoulizwa skeli ya chombo chake alijibu "kadiri ya mbao niliyopata". Ningeandika nini? Siwezi kumkata maksi kijana aliyekosea nusu milimita, halafu nimpe mwingine kwa kumwonea huruma. Tulifanya kazi ile bila posho.

Shangani Juu
Mwalimu, hakuna aliyetaja posho. Hakuna aliyesema umemdhalilisha mtu. Nimesema fomu ni mbovu.

Mwalimu wa Ligula
Ulisema tumemwadhibu, soma ulichoandika juu. Kwa umri wangu sijawahi kumwadhibu fundi.

Nahodha Mstaafu
Mwalimu, jibu la mzee lilikuwa jibu la kifundi. Hata jahazi la kweli urefu wake unaamuliwa na mbao ya mkuku iliyopatikana. Ukikosa gogo refu unajenga fupi, halafu upana na kina vinafuata. Ungemuuliza mkuku mikono mingapi, angekutajia kila kitu mpaka tanga.

Skeli 350
Sawa mzee, na henza ya sentimita 16?

Nahodha Mstaafu
Henza nitamwambia abadilishe. Wewe badilisha bendera, umeitundika mlingoti wa mbele.

Skeli 350
Mzee shikamoo, meli ya kivita ikiingia mapiganoni hupandisha bendera kwenye milingoti yote, hata ya mbele. Niliichagua siku ya Pegasus makusudi.

Mpingo Mtupu
Bado nasubiri. Shangani Juu, unafuta neno "pambo" au hufuti? Ngalawa iliyokuwa ya tatu mirengu yake, yale mabawa ya pembeni, ilikuwa imefungwa kwa uzi wa nailoni, ikitiwa majini itapinduka. Mbona hiyo huisemi? Leta beseni, tutie vyote tuone.

Shangani Juu
Nafuta kwa upande wa mpingo, kwa sababu mti wenyewe unakataa maji na kazi yako niliiona kwa macho. Kwa plastiki iliyokatwa tumbo sifuti.

Skeli 350
Basi na mimi sifuti henza.

Binti Mikindani
Hakuna aliyenijibu kuhusu makundi. Basi tuanze na kinachowezekana. Jahazi ambalo mzee alilifuata liko Msangamkuu, limepandishwa ufukweni linasubiri kalafati. Nimemwomba ruhusa, kakubali tulipime. Tunahitaji futi kamba ndefu, timazi, na mtu anayejua kuchora. Tukipima mkuku, upana katikati, kina, mlingoti na foromali, tunakuwa na mchoro, na shindano lijalo hakuna atakayemwambia hana karatasi. Skeli 350, wewe ndiye unayechora vizuri kuliko sisi wote.

Skeli 350
Nitakuja. Na henza nitaipima.

Mwera wa Mingoyo
Mkimaliza kupima, mje Mahiwa.

Mwalimu wa Ligula
Mchoro ukipatikana nitaupeleka kwa majaji wenzangu. Lakini mchoro wa chombo kimoja hautoshi kwa majahazi yote, mtu mwingine akileta jahazi la Kilwa mtaniambia nini?

Nahodha Mstaafu
Tutakwambia ulipime na lenyewe.